Pengo la Juu, Upande wa Kushoto

Jumatatu, tarehe 3

Kwa Kaka Fundi wa picha zinazosogea,

Salamu. Hunijui na mimi sikujui, ila Mama Maziwa, huyu anayetuletea maziwa kila asubuhi, ndiye aliyenipa habari zako. Anasema ukipewa picha ya mtu aliyetulia tu, unaiingiza kwenye kompyuta na yule mtu anaanza kupepesa macho na kucheka, ndiyo maana wanakuita Fundi Kope. Nikamwambia asinifanye mtoto. Akaapa kwa ndoo zake zote mbili.

Samahani kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na tangu nizae sijashika kalamu isipokuwa ya kumnyang'anya mtoto asiitie mdomoni.

Shida yangu ni hii. Mume wangu yuko mbali kikazi. Aliondoka mtoto ana miezi mitatu, na sasa ana mwaka na miezi mitano, anakimbia kama anadaiwa. Ana alama nyeusi shavuni, kwa hiyo tunamwita Kidoti. Tunaishi kwa mama mkwe, na wifi yangu pia yupo. Sasa mama yangu mdogo, aliye mji mwingine, amenipatia nafasi kwenye karakana wanakoshona sare za shule. Nitakaa kwake na mtoto. Wananishikia nafasi mpaka tarehe thelathini, basi.

Mama mkwe anasema mke hatoki nyumbani kwa mumewe mpaka mume mwenyewe aseme. Na mume alishasema. Mwezi uliopita alituma video kwenye simu ya mama, anasema nikae hapa mpaka arudi. Simlaumu, hajui habari za karakana. Mimi simu sina, na namba yake mpya anayo mama peke yake.

Kwa hiyo nakuletea picha yetu ya watu watatu. Naomba unifanye mimi na Kidoti tusogee, na maneno niliyoandika nyuma ya picha yatoke mdomoni mwangu. Kisha uitume kwenye simu ya mama, namba yake nayo nimeiandika nyuma ya picha, ili amrushie mume wangu. Kwenye picha Kidoti bado mchanga. Kama mashine inaweza kumkuza kidogo, mkuze. Mume wangu unaweza kumkata au kumwacha, utakavyoona. Hapo amefumba mdomo kwa sababu ana pengo na hulionea haya kwenye picha. Ila kwenye video aliyotuma nimeona meno yote yapo! Amejiziba pengo huko huko. Nimefurahi sana, maana mtu hazibi jino kabla hajashiba.

Jibu mpe Mama Maziwa. Huwa anaficha barua chini ya kifuniko cha ndoo, kwa hiyo usishangae ikinuka.

Mimi,
Mama Kidoti


Alhamisi, tarehe 6

Mama Kidoti,

Kwanza mimi si kaka. Mama Maziwa hakukwambia? Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, nina watoto wawili wanaonipita urefu. Hata wateja wengine wakifika huniuliza fundi yuko wapi, nami huwaambia ametoka, wakae wamsubiri. Cheka kidogo kisha tuendelee.

Picha yako imefika salama. Ni nzuri. Nimeitazama kwa muda mrefu.

Nikueleze kazi ilivyo, usije ukanitegemea kupita kiasi. Naipiga picha kwa mashine inayoiingiza kwenye kompyuta, nafuta vumbi na mikwaruzo, kisha naweka alama kwenye pembe za macho, pembe za midomo na kidevu. Baada ya hapo programu inafanya yake. Lakini elewa kitu kimoja: haijui chochote zaidi ya ilichoonyeshwa. Ukigeuza uso, sikio ambalo halikuonekana inalitunga. Ukimfumbua mtu mdomo uliokuwa umefumbwa, inatunga. Babu wa mteja mmoja alitoka na meno ya farasi, familia nzima ikacheka msibani.

Kabla sijaanza kazi yako, naomba unijibu maswali haya. Pengo la mumeo liko upande gani? Kwenye video aliyotuma alivaa nguo gani? Kola ya shati ilisogea alipogeuza kichwa? Nani aliyekuonyesha video hiyo?

Usinielewe vibaya. Ni maswali ya kikazi tu.

Fundi Kope


Jumamosi, tarehe 8

Dada Fundi,

Nimecheka mpaka Kidoti naye akacheka bila kujua anacheka nini. Mama akauliza kuna nini, nikamwambia mtoto amejamba. Mungu anisamehe, maana hakujamba.

Nakujibu. Pengo liko juu, upande wake wa kushoto, jino la pili kutoka katikati. Alilivunja akifungua soda kwa meno ili anionyeshe uanaume. Nilimpenda pale pale, damu inamtoka na yeye anajifanya haumwi.

Nguo ni shati lile lile la mistari lililo kwenye picha. Halafu dada, kifungo cha pili bado hakipo! Kifungo hicho mimi ndiye niliyemwahidi kukishona na sikukishona. Mwaka na zaidi sasa, na hajapata hata wa kumshonea kifungo. Hapo ndipo nilipolia. Kola sikuiangalia vizuri, ila nadhani ilitulia. Nyuma yake ukuta ni wa bluu kama wa sebuleni kwetu. Nikasema kumbe na huko wanapaka rangi hii. Sauti ni yake kabisa, ila imenyooka kama mtu anayesoma ubaoni. Nikajua ni uchovu wa kazi.

Aliyenionyesha ni wifi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Umesikia mwenyewe, mkwe wangu. Si maneno yangu hayo."

Kwa vile umekuwa muungwana, nikueleze na hali ya hapa. Kutoka jikoni mpaka langoni ni hatua kumi na nne, nikiwa nimembeba mtoto ni kumi na sita. Lango lina kufuli na ufunguo umefungwa kwenye pindo la nguo ya mama. Hata dukani anaenda wifi. Lakini usidhani nateswa. Mama hajawahi kuninyanyulia mkono. Kwenye chakula ananitengea kipande kinono, mtoto ananiogeshea, nikiumwa kichwa yeye ndiye anayekosa usingizi. Ningekuwa nateswa ningeruka ukuta siku nyingi. Huyu ananipenda, na kufuli ni lake. Sasa nimkimbie vipi?

Mume wangu akiona video yangu ataelewa. Nina imani. Tarehe thelathini bado mbali.

Mama Kidoti


Jumanne, tarehe 11

Mama Kidoti,

Kaa chini kwanza. Kama umembeba mtoto, mweke.

Mumeo hakutuma video. Video ile niliitengeneza mimi, kwenye meza hii hii ninayoandikia.

Mwezi uliopita alikuja mwanamke mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Nadhani unamjua. Alileta picha ya mumeo akiwa peke yake, shati lile la mistari, amesimama mbele ya ukuta wa bluu. Alileta na sauti yake kwenye simu, sekunde kumi na moja, anamwagiza fundi wa mabati aje kesho yake. Kutoka kwenye sekunde hizo programu ilijifunza sauti. Maneno ya kusema yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi. Akaniambia mama yao anakwenda kupasuliwa na anataka kumsikia mwanawe kabla ya kulazwa.

Niliyasoma yale maneno. "Mke wangu, kaa kwa mama mpaka nirudi." Nikamuuliza, mbona video ni ya mama lakini anayesemeshwa ni mke? Akasema mama atafurahi kusikia mwanawe anavyojali ndoa yake. Jibu lilikuwa bovu na nililipokea. Nilikuwa nimeipata programu ile wiki hiyo hiyo, nilitamani kuona kama itaweza. Iliweza. Nikajipongeza, nikachemsha chai.

Meno uliyoyaona hayakuzibwa na mtu. Picha ilikuwa imefumba mdomo, na mashine ikiwa haioni kitu nyuma ya midomo, huweka meno ya watu wote.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza, uliposema amejiziba pengo. Bado nikakuuliza maswali kana kwamba sijui, nikitumaini utajibu kitu cha kuniokoa. Kwa hilo pia naomba unisamehe. Mumeo alipo sipajui. Yule mwanamke hakusema na mimi sikuuliza.

Fundi Kope


Jumatano, tarehe 19

Fundi,

Nimekaa siku nane bila kukuandikia kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na karatasi nilizonazo ni chache.

Unajua nilikuwa nikifanya nini? Kila mama akiniazima simu niiangalie tena video ile, nilikuwa nambusu kwenye kioo. Kidoti naye nilimfundisha. Sasa hivi mtoto akiona simu yoyote anaibusu na kusema "baba". Hata ya Mama Maziwa, iliyojaa mafuta ya maziwa.

Juzi tulikuwa tunakunja nguo, mimi na wifi. Nikamuuliza polepole, "Wifi, hiyo namba mpya ya kaka yako inaanza na ngapi?" Akaikunja shuka ile ile mara tatu. Nikamwambia, "Shuka imeshakunjika, wifi." Akasema, "Usimuulize mama. Nakuomba." Basi. Namba hakuna. Kumbe siku zote nilizoambiwa "amepiga ulipokuwa bafuni, anakusalimu", hakuna aliyepiga. Wifi anasema mara ya mwisho ni miezi minane iliyopita. Hawajui kama yuko hai, kama amefungwa, kama ameoa. Mama amekataza watu wasiulizie. Anachoogopa ni kwamba nikitoka na Kidoti, hatabakiwa na kitu chochote cha mwanawe.

Nimemhurumia. Nimemchukia. Vyote siku moja, kabla hata ya chakula cha mchana.

Sasa na mimi nataka yangu. Sauti yake unayo. Nitengenezee video aseme hivi: "Mke wangu, nenda na mtoto kwa mama yako mdogo. Mama, mfungulie." Hayo tu. Na pengo lake ulirudishe mahali pake.

Mama Kidoti


Ijumaa, tarehe 21

Mama Kidoti,

Siwezi.

Siku nilipokuandikia ukweli nilijiapiza kwamba sitamwekea tena maneno mdomoni mtu ambaye hajayasema. Wanaoletwa hapa wakiwa marehemu nawapepesa kope, wanatabasamu, basi, na ndugu zao wanajua ni mchezo. Huyu wako hatujui yuko wapi. Siku akirudi akakuta ameamrisha mambo mara mbili na hakuwepo, nitamwambia nini?

Nina wazo jingine. Nitakuja mwenyewe langoni kwenu. Nitamwambia mama mkwe wako uso kwa uso kwamba ile kazi ni yangu na naijutia. Akitaka kunitukana anitukane. Niambie siku.

Fundi Kope


Jumapili, tarehe 23

Fundi,

Ukija langoni, nani atakufungulia? Utapiga hodi, wifi atachungulia, atakujua, atasema mama hayupo. Kesho yake Mama Maziwa ataambiwa maziwa yake yana maji na asirudi tena. Hapo hata barua sitakuwa nayo. Umefikiria kwa uungwana wa mtu aliye nje.

Jana wameleta kitanda cha Kidoti. Mama amekiagiza kwa seremala, mbao nzito, kimepakwa rangi ya waridi. Nikasema, mama, mbona kirefu hivi? Akasema, "Cha kumtosha mpaka aanze shule." Alikuwa na furaha, anakipangusa kwa upande wa nguo. Nilikipima kwa mkono. Ni cha mtoto wa miaka sita au saba. Mlangoni hakipiti mpaka kifunguliwe vipande, na seremala alikipigilia misumari humo humo chumbani kwangu. Nililala nikikitazama kama mtu aliyeonyeshwa miaka yake.

Sitaki kubishana na wewe habari za kiapo. Nakuuliza tu: ulitumia saa ngapi kunifungia? Tumia hizo hizo kunifungulia.

Zimebaki siku saba.

Mama Kidoti


Jumatatu, tarehe 24

Mama Kidoti,

Umeshinda.

Ile ya kwanza ilinichukua dakika arobaini. Hii imenichukua jana tangu barua yako ifike, na leo tangu asubuhi. Programu haitaki pengo. Kila nikimfumbua mdomo inamjazia jino, inaona mtu bila jino ni kosa la kusahihishwa. Video ni sekunde sita, na kila sekunde ina picha ishirini na nne. Nimelifuta jino hilo kwa mkono, picha moja moja, zote mia moja na arobaini na nne. Kola nimeitikisa kidogo. Ukuta nimeupaka rangi ya udongo.

Jumatano saa kumi alasiri nitaituma kwenye simu ya mama kutoka namba ngeni, kana kwamba ameazima simu ya mwenzake. Kisha laini hiyo nitaivunja.

Sijisikii vizuri. Nakwambia tu, ujue.

Fundi Kope


Alhamisi, tarehe 27

Dada,

Nimerudi kukuita dada kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Jana saa kumi simu ililia. Mama alikuwa anachambua mchele, mimi namsuka wifi. Alifungua akiwa na haraka, akidhani ni mambo ya kampuni za simu. Kisha nikasikia sauti ya mume wangu: "Mke wangu, nenda na mtoto kwa mama yako mdogo. Mama, mfungulie." Nilijua inakuja na bado nywele zilinisimama.

Nilitegemea atakasirika. Nilitegemea atasema ni uongo, maana yeye si ndiye aliyeanza? Anajua mchezo ulivyo. Nilikuwa nimejiandaa na jibu, kwamba, "Mama, kama hii ni ya uongo, basi na ile?" Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kitanda kile.

Dada, hakukasirika. Alisogeza simu mbali na macho, akairudisha karibu. Akaiangalia tena. Akasema kwa sauti ndogo, "Pengo lake." Halafu akapiga kelele, "Pengo lake hili! Mwanangu huyu! Hii ndiyo ya kweli, hii ndiyo ya..." Akajiziba mdomo. Akanitazama kuona kama nimesikia. Nikajifanya nahangaika na nywele za wifi. Wifi alinigeukia polepole, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, akanikazia macho. Nikamkazia na mimi.

Mchele ulimwagika wote. Mama alicheka, alilia, akamnyanyua Kidoti juu, "Baba yako mzima! Baba yako mzima, we kidudu!" Akafungua pindo la nguo, akanitia ufunguo mkononi yeye mwenyewe. "Kasema mwenyewe. Mimi ni nani?" Mikono yake ilikuwa baridi.

Tangu hapo hajatulia. Ile namba ameipiga mpaka simu ikazimika, ameichaji, amepiga tena. Anasema mtandao wa huko ni mbovu. Amemwambia jirani juu ya ukuta. Ameanika godoro la mume wangu juani. Leo asubuhi alinikalisha kwenye kiti, Kidoti mapajani, akashika simu, akasema, "Haya, mjibuni. Mwambie umesikia. Akipatikana tu namrushia." Nikatazama lile duara dogo la kioo. Nikasema, "Baba Kidoti, tumekusikia." Sauti yangu ikatoka imenyooka, kama mtu anayesoma ubaoni.

Ufunguo ninao tangu jana, na niko ndani. Mimi nilipodanganywa, nilikupata wewe wa kuniambia. Huyu ataambiwa na nani? Nikimwambia, atauchukua ufunguo na safari hii hataufunga kwenye nguo, atautupa chooni. Nisipomwambia, nitakwenda zangu kushona sare, na yeye atabaki humu anaipiga namba uliyoivunja, mwaka huu, mwaka kesho. Nitakuwa nimemfungia mtu kwa funguo zake mwenyewe.

Kesho asubuhi natoka. Mama mdogo atanisubiri. Nguo za Kidoti nimezifunga. Sijui nitatokaje.

Mama Kidoti


Jumatano, tarehe 3

Kwa Fundi wa picha,

Barua hii ameandika binti yangu, maneno ni yangu mimi. Macho hayanisaidii tena kwenye kuandika. Nimemwambia asipunguze kitu na asiongeze, hasa yeye.

Mkwe wangu ameondoka siku ya Ijumaa. Nakueleza alivyoondoka kwa sababu aliniambia wewe ungependa kujua, na kwa sababu katika habari hii wewe umo.

Alikuwa ameshafungua lango. Mtoto mgongoni, furushi mkononi, mguu mmoja nje. Mimi nilikuwa nimemsindikiza, nikimwambia ampigie mumewe akifika, nitampa namba. Akasimama. Akaweka furushi chini, kwenye vumbi, nikamwambia utachafua nguo za mtoto. Akasema, "Mama, hiyo video nimeitengenezesha mimi." Nikamwambia acha mzaha. Akasema, "Nimeitengenezesha kwa fundi yule yule uliyemtuma wifi kwake."

Binti yangu alikimbilia ndani. Mpaka leo tunaongea kwa shida, hapa anaandika na machozi yanamdondokea kwenye karatasi, utaona wino umesambaa.

Nililishika lango. Nilikuwa na nguvu za kulifunga, usidhani nilikuwa sina. Nikamwambia rudi ndani. Hakurudi. Hakukimbia pia, na angeweza, mimi magoti yangu mabovu. Nikamwambia mumeo hajakuruhusu. Akasema, "Mama, tumwache huyo, hayupo. Tuko mimi na wewe." Nikamwambia mimi ndiye nisiyetaka uende. Miezi yote ile sikuwahi kulisema hilo kwa mdomo wangu. Akasema, "Najua, mama. Na mimi ndiye ninayetaka kwenda." Wala hakuinamisha kichwa aliposema.

Nilimchukia sana. Nikamfunga mtoto vizuri mgongoni, maana alikuwa amemfunga ovyo, mguu mmoja unaning'inia. Nikaliachia lango.

Ametuma ujumbe kwa simu ya mama yake mdogo kwamba wamefika, na kwamba atakuja na mtoto mwisho wa mwezi kulala siku mbili. Sijamjibu. Binti yangu anasema nimjibu. Kitanda nimewaambia watoto wa jirani wasikiguse.

Sasa shida yangu kwako. Najua una mwanangu humo kwenye mashine, uso na sauti. Futa video zote mbili, na ile sauti ya mabati. Mimi kwenye simu yangu nimefuta ile ya kwanza. Hii ya pengo nimejaribu kuifuta mara tatu na kidole hakishuki. Nimempa binti yangu simu aifute, nikamnyang'anya. Nitaifuta.

Picha yake uliyoachiwa naomba unirudishie kwa mkono wa muuza maziwa, kama ilivyokuja, amefumba mdomo.

Na likitokea la mtu kuja kwako tena na picha ya mwanangu, akakuomba umfanye aseme kitu, chochote kile, hata salamu tu, mwambie mashine imeharibika. Hata kama mtu huyo ni mimi.

Mimi,
Bibi yake Kidoti